Jinsi ya kufuatilia kazi ya afisa wa navy wa Kiingereza aliyekuwa rubani kati ya vita mbili

Karatasi ya kwanza iliyoniingiza kwenye haya mambo ilikuwa imeandikwa HMS Kilele. Mzee mmoja wa mtaani kwetu Tanga aliiacha kwenye sanduku lake, na familia miaka yote walikuwa wanasema babu alikuwa baharia kwenye manowari ya Mwingereza, nami nikaamini, nikaitafuta hiyo manowari kila mahali. Haipo. Haipo kwa sababu HMS Kilele haikuwa meli kabisa, ilikuwa uwanja wa ndege wa navy ya Uingereza pale pale Tanga wakati wa vita ya pili, na kule Kilindini HMS Tana ilikuwa ni kambi ya nchi kavu. Kuanzia hapo nikawa nafuatilia wale maafisa, hasa wale wakubwa waliojifunza kuruka zamani, na nikagundua kwamba kipande kigumu kuliko vyote kwenye maisha yao ni ile miaka 20 ya katikati, kuanzia 1918 mpaka 1939. Vita ya kwanza imeandikwa sana, vita ya pili ndo usiseme, lakini katikati mtu anapotea kama chumvi kwenye maji, leo luteni wa majini, kesho flaing ofisa wa anga, keshokutwa yuko kwenye meli ambayo haina hata ndege moja.

Kwa hiyo kama una jina la afisa kama huyo, iwe umelikuta kwenye medali, kwenye picha, kwenye nyaraka za kazi ya babu au unaandika historia ya mji wako, hivi ndivyo ninavyofanya mimi.

Kwanza kabla hujafungua kitu chochote jua ndege zilikuwa za nani. Hili ukilikosea kila kitu kinakwenda kombo. Mpaka Machi 1918 navy ilikuwa na jeshi lake la ndege, Royal Naval Air Service, RNAS. Tarehe 1 Aprili 1918 likaunganishwa na lile la jeshi la nchi kavu ikazaliwa RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, na navy siku ile moja ilitoa watu kama 55,000 na ndege karibu 3,000. Yaani mtu amelala afisa wa majini ameamka afisa wa anga! Kutoka siku hiyo mpaka tarehe 24 Mei 1939 ndege zote zinazoruka kutoka kwenye manowari zilikuwa chini ya RAF, ingawa manowari zenyewe ni za navy, na hapo ndipo ugomvi wa miaka 20 ulipoanzia maana huyu anamiliki deki na yule anamiliki ndege inayotua juu ya deki.

Tarehe 1 Aprili 1924 wakaunda Fleet Air Arm, lakini bado ni ya RAF, usije ukadanganyika na jina. Mwaka huo huo Trenchard mkuu wa RAF na Keyes wa navy wakafikia makubaliano, hawa wawili walikuwa wanyumba, wake zao ni ndugu, nadhani hiyo nayo ilisaidia mezani. Wakakubaliana kwamba asilimia 70 ya marubani wa ndege za manowarini watatoka navy na Royal Marines, askari wa majini, na kila mmoja wao atakuwa na vyeo viwili kwa wakati mmoja, kimoja cha navy kimoja cha RAF. Yule anayekaa nyuma ya rubani kuangalia, kusoma ramani na kupiga redio, wenyewe wanamwita obzava, huyo atakuwa wa navy moja kwa moja na hahitaji cheo cha RAF. Shika hilo la obzava na rubani maana litakusaidia mbele. Alafu tarehe 30 Julai 1937 serikali ikatangaza bungeni kufuata ushauri wa waziri Inskip kwamba ndege za manowarini zirudi navy, ikachukua karibu miaka miwili kukabidhiana.

Sasa chukua daftari, chora safu nne. Tarehe, cheo cha navy, cheo cha anga, mahali. Basi. Usianze kuandika stori, usianze na "alikuwa shujaa", andika tarehe tu na kila tarehe weka umeitoa wapi. Nasisitiza tarehe kwa sababu vyeo vya hawa watu vinachanganya sana, mtu mmoja anaweza kuonekana watatu. Angalia, ndani ya RNAS kulikuwa na cheo cha wing kamanda. 1918 RAF ilipoanza ikachukua vyeo vya jeshi la nchi kavu, kwa hiyo yule yule anaandikwa luteni kanali. Alafu tarehe 1 Agosti 1919 RAF ikabadilisha tena ikaleta vyeo vyake mpya, wing kamanda ikarudi kwa maana nyingine, grupu kapteni, ea komodo na kadhalika. Miezi 16 vyeo vitatu na hajapandishwa hata mara moja. Na kingine, kapteni wa navy sio kapteni wa jeshi la nchi kavu, kapteni wa navy ni mtu mkubwa sawa na kanali, nimeona watu wanaandika "alikuwa kapteni tu" kumbe jamaa ameshika manowari yenye mamia ya watu.

Ukishakuwa na safu zako nenda kwenye nyaraka, na mpangilio wa kwenda una maana yake, usiruke.

Anza na kumbukumbu za utumishi zilizoko National Archives pale Kew, London. Nyingi zimeskaniwa, unasachi jina kwenye katalogi yao ukiwa nyumbani. Fungu la nyaraka la ADM 196 ndo maafisa wa navy kwa ujumla, ADM 273 ni maafisa wa RNAS, AIR 76 ni maafisa wa RAF wa ile miaka ya mwanzo kabisa. Mtu wako akiwa rubani wa vita ya kwanza tafuta kote kutatu hata kama umempata kwenye moja, kwa sababu kila ofisi ilikuwa inaandika yake na haziongei. Mle ndani utakuta maneno mafupi ya wakubwa wake, yule kapteni wa meli anaandika mstari mmoja tu kumhusu, anajituma, ana akili, afya yake hivi, na maandishi ni ya mkono yenye vifupisho vingi. Zoea mwandiko kwanza kwa kusoma majina ya meli ambayo unayajua, alafu rudi kwenye maneno.

Ya pili ni London Gazette, gazeti rasmi la serikali, bure kabisa kwenye intaneti. Hapa kuna siri ambayo ilinichukua muda. Ukimtafuta rubani wa navy wa kuanzia 1924 usiishie kwenye matangazo ya Admiralty, yaani wizara ya navy, nenda kwenye matangazo ya wizara ya anga. Utakuta maafisa wa navy wametajwa kwa mkupuo kwamba wamepewa cheo cha muda cha flaing ofisa kwa kuambatanishwa na RAF kwa miaka minne. Hiyo tarehe ndo siku aliyoanza safari ya urubani rasmi, ni dhahabu, iandike kwenye safu ya tatu. Na kama mtu wako alikuwa kwenye ndege miaka yote ile lakini humuoni kabisa kwenye matangazo ya wizara ya anga, jiulize kama hakuwa obzava.

Ya tatu Navy List, kitabu cha serikali kilichokuwa kinatoka mara kadhaa kwa mwaka chenye majina ya maafisa wote. Maktaba ya taifa ya Uskoti imeskani nyingi na unasoma bure. Humo kuna orodha ya majina pamoja na tarehe ya ukongwe, yaani siku aliyopata cheo alicho nacho, na kuna orodha ya meli na maafisa walioko kila meli. Tarehe ya ukongwe ndo kitambulisho cha mtu wako. Majina yanafanana, akina Smith wako wengi mno, lakini jina lile lile, cheo kile kile na tarehe ile ile ya ukongwe ni nadra sana kugongana.

Sasa hapa kwenye Navy List ndipo penye mtego mkubwa ule ule wa HMS Kilele. Navy ya Uingereza kila afisa lazima awe kwenye vitabu vya meli fulani hata akiwa anakaa ofisini, kwa hiyo wamezipa kambi na ofisi majina ya meli. Ukiona miaka ile HMS President mara nyingi ina maana yuko London kwa kazi za wizara au kozi. Victory ni Portsmouth, Pembroke ni Chatham, Vivid ni Devonport ambayo kuanzia 1934 ikaitwa Drake. Mtu akiandika kwamba afisa wake "alisafiri na President miaka miwili" basi amekosea, yule alikuwa anapanda treni asubuhi kwenda ofisini. Na 1939 navy iliporudishiwa viwanja vya ndege navyo vikapewa majina ya meli, Lee-on-Solent ikawa Daedalus, Ford ikawa Peregrine, Worthy Down ikawa Kestrel, Donibristle ikawa Merlin. Ndo utaratibu huo huo uliokuja kuzaa Kilele ya Tanga na Tana ya Kilindini, kwa hiyo sisi wa pwani tunapaswa kuuelewa vizuri kuliko mtu yeyote.

Kuhusu kupanda cheo, jifunze kalenda yao. Luteni akitimiza miaka 8 anakuwa luteni kamanda bila kuchaguliwa na mtu, hiyo haikuambii kitu kuhusu uwezo wake. Lakini kutoka hapo kwenda kamanda, na kutoka kamanda kwenda kapteni, ni kwa kuchaguliwa, na majina yalikuwa yanatoka mara mbili kwa mwaka, 30 Juni na 31 Desemba. Kwa hiyo ukiona tarehe ya ukongwe ni 30 Juni au 31 Desemba jua huyu amechaguliwa kati ya wengi walioachwa, na kwa rubani wa miaka ya 20 na 30 hiyo ilikuwa kazi kwelikweli. Fikiria kidogo: umekaa miaka minne umeambatanishwa na RAF, unaripotiwa na wakubwa wa anga, wakati wenzako wa rika moja wako kwenye manowari kubwa wanaonekana na admirali kila asubuhi. Wengi waliogopa kwamba ndege zitawaua mara mbili, mara ya kwanza mwili na ya pili cheo. Na mwili ulikuwa hatarini kweli, sehemu kubwa ya miaka ya 20 walikuwa wanatua kwenye deki bila nyaya za kukatiza mbele za kuisimamisha ndege, wanategemea upepo na meli kukimbia kinyume na upepo. Kutua usiku kwenye deki ya manowari kulifanyika mara ya kwanza Mei 1926, flaiti luteni Boyce wa RAF akiwa na ndege ya Blackburn Dart juu ya HMS Furious. Ukimkuta mtu wako alikuwa anatua usiku ile miaka, mpe heshima yake.

Sasa tufanye mfano mmoja mpaka mwisho ili uone safu nne zinavyofanya kazi. Namchukua Richard Bell Davies kwa sababu maisha yake yana mitego yote.

Mtego wa kwanza ni jina. Bell ni jina lake la kati, ukoo ni Davies, lakini watu wanamuita Bell Davies na wengine wanaweka kistari katikati. Kwa hiyo tafuta kwenye B na kwenye D pia. Alizaliwa 1886, akaingia navy kama kijana mdogo 1901, akajifunza kuruka kwa pesa yake mwenyewe, akajiunga na upande wa ndege 1913. Januari 1915 akapata DSO, nishani ya ushujaa ya maafisa, kwa kushambulia nyambizi za Wajerumani pale Zeebrugge. Alafu likaja lile la tarehe 19 Novemba 1915 huko Bulgaria, kwenye makutano ya reli ya Ferrijik. Mwenzake Smylie ndege yake ilipigwa ikashuka kwenye ardhi ya adui. Bell Davies akashuka kumfuata, maaskari wa adui wanakuja, na ndege yake ya Nieuport ilikuwa imeshazibwa kiti cha mbele ibaki ya mtu mmoja. Smylie akajipenyeza chini ya mfuniko wa mbele amejikunja kati ya mitambo, wakaruka hivyo hivyo, na walipofika salama ilichukua kama masaa mawili kumtoa mle ndani. Akapewa Victoria Cross, VC, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, tangazo liko kwenye Gazette ya tarehe 1 Januari 1916. Ukitaka kujizoeza kusachi Gazette anza na hilo, litafute mwenyewe ulisome.

Hapo ndipo wengi wanaacha. Wanaandika alipata VC, wanaruka mpaka 1939. Wewe endelea na safu zako.

1918 akawa upande wa RAF kama wenzake wote, na Septemba mwaka huo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutua juu ya HMS Argus, meli ya kwanza yenye deki tupu kuanzia mbele mpaka nyuma. Kwenye orodha ya nishani zake utaona AFC. Hiyo ni nishani ya watu wa anga iliyoanzishwa 1918, ukiiona kwenye kifua cha afisa wa majini usiipite, inakuambia kwamba kuna kipindi cha anga kwenye maisha yake, basi nenda kakitafute. Baada ya vita akachagua kurudi navy. Uchaguzi huo ndo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye safu zako na hauna tangazo lenye kelele, unauona tu kwa kwamba safu ya cheo cha anga inakuwa tupu na safu ya cheo cha navy inaendelea.

Kuanzia 1920 mpaka 1924 yuko London, anaongoza kitengo cha ndege ndani ya makao makuu ya navy. Kazi ya mezani, jina lake halitoki magazetini, lakini angalia miaka hiyo! Ni ile ile miaka ambayo navy na RAF wanagombana nani amiliki ndege, ikaisha kwa makubaliano ya 1924. Kwa hiyo mtu ambaye kwenye karatasi anaonekana amekaa ofisini, alikuwa ndani ya chungu chenyewe kinachochemka. Hivi ndivyo unavyosoma safu ya mahali, unaweka pembeni yake yale yaliyokuwa yanatokea kwenye navy nzima mwaka huo huo.

1924 mpaka 1926 akapelekwa HMS Royal Sovereign, meli ya vita kubwa, akiwa afisa wa pili baada ya kapteni. Haina uwanja wa kutua wala nini. Msomaji mgeni anaweza kusema wamemtupa, wamemtoa kwenye ndege. Hapana. Afisa wa navy aliyetaka kupanda lazima aonekane anaweza kuendesha meli na watu wake, deki ifuliwe, mizinga ifanye kazi, nidhamu iwepo. Na matokeo yake unayaona hapo hapo, 1926 amekuwa kapteni, alafu anarudishwa tena kwenye kile kitengo cha ndege mpaka 1928. Baharini, ofisini, baharini, ofisini. Baadae alikuja kushika meli ya HMS Cornwall akiwa kapteni wake. Ukiona mchoro wa hivi kwenye safu ya mahali ujue wakubwa wanamlea mtu kwa ajili ya mbele, na ukiona mtu amebaki kwenye ndege tu miaka 10 bila meli, mara nyingi utakuta cheo chake cha navy kimeganda.

1938 akawa rea admirali. Na tarehe 24 Mei 1939, siku ile ile navy inachukua ndege zake, akawa msimamizi wa viwanja vyote vya ndege vya navy, ofisi yake Lee-on-Solent. Kumbuka hii tarehe tumeiona wapi. Miaka 21 kamili na kidogo tangu navy inyang'anywe ndege, wakamkabidhi yeye funguo.

Sasa weka pembeni yake mwenzake mmoja ili uone njia nyingine ilivyokuwa. Charles Rumney Samson ndiye aliyekuwa mkubwa wa Bell Davies kwenye skwadroni namba 3 ya RNAS kule Dardanelles. Samson ndiye Mwingereza wa kwanza kuruka na ndege kutoka kwenye meli, tarehe 10 Januari 1912 kutoka HMS Africa ikiwa imetia nanga, na Mei mwaka huo huo akaruka kutoka HMS Hibernia ikiwa inatembea, mtu wa kwanza duniani kufanya hivyo. Baharia kweli kweli huyu, ujana wake alishapita mpaka maji ya Somalia na HMS Pomone kwenye vita vya 1903 na 1904. Lakini 1919 yeye akachagua kubaki RAF. Kwa hiyo kwenye daftari lake ni safu ya pili inayokuwa tupu: grupu kapteni, Malta 1921, ea komodo 1922, Cairo 1926. Ukimtafuta kwenye Navy List ya 1925 humpati utasema amekufa, kumbe yuko kwenye Air Force List, kitabu cha ndugu yake.

Na Samson ametugusa sisi. 1927 aliongoza ndege nne za Fairey IIIF kutoka Cairo mpaka Cape Town na kurudi. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 1 Machi 1926, Pulford, naye zamani alikuwa wa navy, aliongoza ndege nne za Fairey IIID njia hiyo hiyo, wakamalizia Lee-on-Solent Uingereza tarehe 21 Juni. Njia hiyo ya RAF ilipita Kisumu na Tabora. Kwa hiyo kama una picha ya familia ya ndege ya mbawa mbili mbili imezungukwa na watu Tabora au ufukweni kwa ziwa Kisumu, usikimbilie kusema ni ya vita, linganisha na miaka hii miwili kwanza. Samson alistaafu 1929 na 1931 akafariki akiwa na miaka 47 tu, inaniuma kila nikifika mstari huo wa daftari.

Ukirudi nyuma zaidi kuna wale wa Rufiji. Julai 1915 marubani wa RNAS walikuwa wanaruka kutoka kisiwa cha Mafia kuelekeza mizinga ya HMS Severn na HMS Mersey ili waimalize meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta. Cull na Arnold tarehe 11 Julai ndege yao ilipigwa, na huku wanashuka bado wanapiga redio kurekebisha shabaha, wakaangukia mtoni karibu na Mersey. Ripoti ya admirali King-Hall kuhusu tukio hilo ilichapishwa kwenye Gazette ile ile ya bure. Ukifuatilia afisa yeyote aliyekuwa Mafia mwaka ule, hatua ni zile zile, ADM 273 kwanza alafu uliza 1919 alikwenda wapi.

Kwa wale walioanza kuruka baada ya 1924 mfano mzuri ni Caspar John, mtoto wa mchoraji Augustus John. Aliingia navy 1916 akiwa na miaka 13, akawa rubani 1926, akaenda China na HMS Hermes, baadae akapita kwenye meli za mizinga kama Malaya. Huyu ndo wa kizazi cha vyeo viwili, kwa hiyo kwenye daftari lake safu zote mbili zina maandishi kwa wakati mmoja. Usichague kimoja, andika vyote, navy luteni na RAF flaing ofisa, siku moja. 1960 alikuja kuwa mkuu wa navy nzima ya Uingereza, rubani wa kwanza kufika pale, na hapo unaona kwamba ile hofu ya kwamba ndege zinaua cheo ilichukua miaka 36 kufutika.

Kitu kingine cha kuangalia ni namba za vikosi. Kwenye miaka ya 20 ndege za manowarini zilipangwa kwenye vikundi vidogo vinavyoitwa flaiti vyenye namba za 400 na kitu. Aprili 1933 wakaviunganisha kuwa skwadroni za 800 na kitu, kwa mfano flaiti 402 na 404 zikawa skwadroni 800. Kwa hiyo mtu akiwa 402 mwanzo wa mwaka na 800 katikati ya mwaka inawezekana hajahama hata kitanda. Ndege nazo zinasaidia kuweka picha kwenye mwaka wake: Fairey Flycatcher ndogo yenye tumbo nene ni kati ya 1923 na 1934, Swordfish ni kuanzia 1936, picha yenye Swordfish haiwezi kuwa ya 1930 hata nyuma wameandika hivyo kwa wino.

Ukishapata meli na mwaka, na ukitaka kujua siku hadi siku, kuna vitabu vya safari za meli kwenye ADM 53 pale Kew. Humo ni hali ya hewa, meli iko wapi, saa ngapi wameng'oa nanga. Ni kazi ndefu, nenda huko ukiwa na tarehe maalum tu, kwa mfano siku ya ajali. Na kumbukumbu alizoandika mtu mwenyewe zisome mwisho kabisa, sio mwanzo. Bell Davies aliandika za kwake zikatoka 1967, mwaka mmoja baada ya kufa, ni tamu, lakini ukizisoma kwanza utaanza kulazimisha nyaraka zikubaliane nae.

Na safu zako usizifunge 1939. Bell Davies alistaafu 1941 akiwa vaisi admirali. Ukiendelea kufungua Navy List za vita utakutana na Bell Davies ambaye ni kamanda, kwenye ukurasa wa RNVR, wale wa akiba ya kujitolea, ngazi kadhaa chini. Utasema huyu ni mwingine, labda mtoto wa ndugu. Angalia herufi zilizoko baada ya jina: VC, CB, DSO, AFC. Ni yeye. Alikubali kushuka vyeo vyote vile ili arudi kwenye meli za kubeba ndege, akapewa Dasher na Pretoria Castle kuziandaa. Andika tarehe, andika kamanda kwenye safu ya pili, na kwenye safu ya mahali weka jina la meli, safari hii ni meli ya kweli iliyoko majini.